Chupa za Mgeni

Kamati imenitaka nieleze, kwa ukurasa usiozidi mmoja, kwa nini mkoba wa Jenerali Jabali ulikutwa mtupu. Ukurasa mmoja haunitoshi, na siku hizi nina muda mwingi kuliko karatasi, kwa hiyo nimeona niwaeleze ninyi wasomaji, ambao hamna mhuri. Nchi yenyewe sitaitaja. Iko mahali pazuri, ina bendera, ina wimbo wenye beti sita, na watu wake ni wapole kupita kiasi. Anayedhani anaijua, shauri yake.

Naitwa Mandari. Nilikuwa karani wa masjala, kazi ambayo haimdhuru mtu.

Mambo yalianza Mtukufu wetu alipoteleza kwenye zulia jekundu akikagua gwaride, akavunjika mguu. Zulia lilishtakiwa, na yeye akalazwa wiki sita. Balozi mmoja, kwa nia njema kabisa, akamletea gemu ya kuchezea kwenye televisheni. Ndani yake mna shujaa mwenye upanga anayevuka mabonde saba akipigana na madubwana. Akijeruhiwa, mstari wa damu yake ulio pembeni ya kioo hupungua. Akinywa chupa ya dawa, mstari hujaa tena. Chupa hizo zimefichwa ndani ya mitungi: unavunja mtungi, unaokota chupa, unatia mkobani. Mkoba mwanzoni hubeba chupa tano tu.

Mtukufu akampa shujaa yule jina la Jabali. Baraza la Mawaziri halikutaka kubaki nyuma. Wiki ile ile likampa uraia, wiki iliyofuata likampa cheo cha Jenerali, na kabla mguu wa Mtukufu haujafunguliwa plasta, Jabali alikuwa na nyumba ya serikali yenye mlinzi na mpishi. Mpishi alipika kila siku. Chakula kililiwa na mlinzi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Jenerali alikuwa anakufa. Alikufa bonde la kwanza mara kumi na moja na bonde la pili mara thelathini, na kila alipokufa mkobani mwake mlikuwa na chupa tano ambazo hazijaguswa.

Hapa mgeni wa nchi yetu atashangaa, ila sisi hatukushangaa. Kwetu kila nyumba, hata ya chumba kimoja, ina kabati la vioo sebuleni, na ndani ya kabati mna vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vilivyokaa juu ya vitambaa vya kufuma. Vikombe hivyo ni vya mgeni. Wenyewe tunanywea vya plastiki. Mtoto akigusa vya kabatini anachapwa, na mgeni wa kawaida akija haviletwi, maana yeye siye hasa. Mgeni hasa atakuja siku moja. Mtukufu alilelewa hivyo, nami nililelewa hivyo.

Kwa hiyo Jenerali alipokuwa akivuja damu mbele ya dubwana la bonde la pili, na daktari wa Mtukufu akanong'ona kwamba labda anywe moja, Mtukufu alimtazama kwa huzuni.

"Hizi ni za Mfalme wa Bonde la Saba," akasema. "Huyu ni nani hata nimfungulie kabati?"

Daktari alihamishiwa kisiwani.

Sasa nieleze nilivyoingia mimi. Uliitishwa mkutano wa watumishi wote wa Ikulu. Waziri wa Akiba, Mheshimiwa Gogadi, akauliza nani anaijua gemu hiyo. Mimi nilinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilipigiwa makofi, nikapelekwa mbele, na ilipofika jioni nilikuwa Mlinzi wa Kitufe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtukufu hakupenda aonekane akimnywesha Jenerali kwa mkono wake. Fundi akatengeneza pedi ya pili ya kuchezea, ndogo, yenye kitufe kimoja tu, cha kunywa. Nilikaa kwenye kigoda kushoto kwa Mtukufu, kidole gumba juu ya kitufe, bila kubonyeza. Kanuni yangu iliandikwa kwenye ubao: "Mlinzi atabonyeza kwa amri ya Mtukufu tu, isipokuwa damu ya Jenerali ikishuka chini ya mstari mwekundu, ambapo anaweza kubonyeza kwa hiari yake, na kujibu baadaye."

Maneno hayo matatu ya mwisho yalinikaa tumboni. Nilikaa kwenye kigoda kile miaka mitatu, mstari mwekundu ukapitwa mara nisizozijua, na sikubonyeza hata mara moja. Nilisifiwa sana kwa utulivu wa kidole changu. Mgeni rasmi kutoka nchi jirani aliwahi kuombwa akiguse.

Nchi ikaingia kazini. Ikaanzishwa Idara ya Kuvunja Mitungi, yenye maafisa arobaini waliovaa tai. Mtukufu alipolala mchana wao walichukua pedi yake: mmoja anacheza, watatu wanamsimamia, mmoja anaandika. Mitungi ya gemu ile ina tabia njema. Ukiivunja, ukatoka chumbani ukarudi, unaikuta mizima. Basi Jenerali alishinda akitoka na kurudi mlango ule ule. Akitoka, Afisa wa Kutoka anatia saini. Akirudi, Afisa wa Kurudi anatia saini. Siku Afisa wa Kurudi alipokuwa na msiba kwao, Jenerali alisimama nje ya mlango kutwa nzima akinyeshewa.

Lakini mkoba ukijaa, chupa ya ziada hubaki chini sakafuni, na gemu hulia "tii". Mtukufu hakuweza kuistahimili sauti ile. Kuacha chupa nzima sakafuni! Ikabidi mkoba wenyewe uongezwe. Mabondeni mna viraka vya ngozi vilivyofichwa, na kila kiraka kikishonwa mkoba hubeba chupa moja zaidi. Kiraka cha kwanza kilipelekwa Bungeni. Kilijadiliwa siku nne. Wabunge wa kaskazini walitaka kishonwe upande wa kaskazini wa mkoba. Mwishowe kikashonwa chini, ambako hakuna jimbo, na Waziri Gogadi akatoa hotuba iliyorushwa redioni mara saba.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wapo wanaotuuliza, Jenerali atakunywa lini? Nami nawajibu: hilo ni swali la mwenye kiu! Nchi changa hunywa. Nchi pevu hubeba!"

Tulishangilia. Kilikuwa kipindi cha ukame, na watu walishangilia wakiwa na ndoo mkononi.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuparuka. Sitaparuka.

Kiraka cha hamsini kilifanyiwa sherehe. Itifaki ilitaka kila mtu wa Ikulu atoe sifa moja kwa Mtukufu, kwa kufuata cheo, na mimi nilikuwa wa mwisho. Ilipofika zamu yangu sifa nzuri zote zilikuwa zimekwisha. Macho yake yalikuwa yamesifiwa, mguu wake, marehemu mama yake, hata plasta. Nilisimama nikiwa sina kitu mdomoni, jasho linanitoka, na nikajisikia nikisema:

"Mtukufu, hekima hii ya mkoba ingefaa hata nje ya gemu. Kwenye zahanati zetu dripu zinatundikwa ovyo ovyo kwa kila anayeharisha. Ugonjwa wenyewe mkubwa ukija, tutaupokea na nini?"

Kisha Mtukufu akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukafuata. Ningeweza kusema niliogopa, au nilitania. Ukweli ni kwamba niliyapenda yale makofi. Nililala nayo.

Mwezi haukwisha, waraka ukatoka. Chupa zote za dripu nchini zikaingizwa kwenye makabati ya vioo, zikapangwa juu ya vitambaa vya kufuma, zimsubiri Mgeni. Kila kabati likapewa askari. Wagonjwa waliruhusiwa kuzitazama, na waraka ulieleza kwamba kuzitazama kunatia moyo. Nami, kama mwenye wazo, nikapewa heshima ya kutunza ufunguo wa kabati la Zahanati ya Mtaa wa Kinu, mtaani kwetu. Ulipakwa rangi ya dhahabu. Niliuvaa shingoni.

Mtaa wa Kinu ndipo alipokaa dada yangu Kibibi, fundi wa miavuli. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, Kibibi akiwa na kumi na tano, na tangu hapo yeye ndiye aliyenilisha, akanivisha na kunichapa. Nilipopata ukarani alinunua vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, akavipanga kabatini kwake.

"Hivi ni vya bosi wako," aliniambia. "Siku utakayomleta."

Sikumleta. Nyumba ya Kibibi ina bati la kutu na harufu ya gundi, na kila alipouliza nilimwambia wakubwa wana shughuli. Alikuwa akivipangusa kila Ijumaa.

Jumatatu moja, saa moja asubuhi, nikiwa navaa viatu, Nesi Sikudhani wa zahanati akagonga mlango. Ilikuwa siku ya Jenerali kupambana na Mfalme wa Bonde la Saba. Mkoba ulikuwa umefikia chupa tisini na tisa, nchi nzima ilipewa mapumziko itazame, na mimi nilitakiwa kigodani saa nne kamili.

"Kaka Mandari, lete ufunguo," akasema hata kabla ya kuniamkia. "Dada yako anaharisha tangu juzi. Jana jioni wamemleta kwa toroli. Ngozi ukiifinya hairudi."

Nilikwenda naye. Kibibi alikuwa kwenye kitanda cha ukutani, amelala kwa ubavu akilitazama kabati. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka. Alikuwa mwanamke mnene. Nilimkuta amekuwa mdogo.

"Mandari," akasema. "Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Hivi vitambaa nani kavifuma? Vimetulia."

"Mimi," Nesi Sikudhani akajibu. "Mwezi waliozifungia chupa walituletea nyuzi." Akanigeukia. "Nimempa maji ya chumvi na sukari kijiko kijiko, anatapika yote. Huyu sasa anataka ya mshipani. Fungua."

"Hizo ni za Mgeni, Nesi," nikasema. Nilisikia nilivyosema. Askari wa kabati aliitazama dari.

Kibibi akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. "Kwani mimi hapa ni mwenyeji? Kwangu ni kule barabara ya pili. Hapa nimekuja jana, tena sikutembea, nimeletwa na toroli. Mgeni gani mnamtaka zaidi ya mimi?"

Nesi alicheka. Askari alicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikaona imekaa vizuri na nikawaza nitamsimulia Waziri.

"Nikifungua nitaulizwa," nikamnong'oneza Nesi.

"Utajibu."

"Nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba ulikuwa na dada."

Nikamweleza kwamba leo Mtukufu atashinda, atafurahi, na saa sita nitarudi na kibali cha maandishi, kila kitu kihalali. Nesi Sikudhani alininyooshea mkono.

"Basi niachie ufunguo, wewe uende. Nitajibu mimi."

Nilifunga kifungo cha juu cha shati, ufunguo ukafichika. Kibibi aliona. Akasema, "Mwache, Nesi, atachelewa kazini." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia, na aliyasema kwa kunitetea.

Saa nne nilikuwa kigodani. Nyuma yetu walikuwa mawaziri wote, bendi ya polisi na kamera za televisheni. Mlango wa bonde la saba ukafunguka, na Mfalme akatoka. Alikuwa chura mwenye taji, mkubwa kuliko ghala la mahindi, anatema moto. Pigo la kwanza likapunguza damu ya Jenerali nusu.

"Mtukufu," Waziri Gogadi akasema, "nadhani Mgeni amefika."

Mtukufu akamkazia macho chura. Niliona anataka kuamini. Niliona pia anavyoteseka, maana mkoba ulikuwa umejaa kwa unadhifu, chupa tisini na tisa, na kutoa moja ni kuharibu mpango.

"Huyu siye," akasema hatimaye. "Huyu ni bawabu wake. Mwenyewe yuko nyuma."

Pigo la pili. Damu ikashuka chini ya mstari mwekundu, ukaanza kumeta. Sasa ilikuwa hiari yangu. Gumba langu lilikuwa juu ya kitufe, na kitufe kile ni laini, hakihitaji nguvu, hata mgonjwa angekibonyeza. Nilimwona Kibibi akitazama kabati. Nikajiambia: bonyeza, kisha inuka, nenda ukafungue na lile lingine. Ilikuwa kama kazi moja.

Waziri akaniinamia sikioni. "Ukibonyeza na huyu siye, utajibu."

Sikubonyeza. Chura akaruka, akamkalia Jenerali, na kioo kikawa cheusi.

Kisha kioo kikawaka, na Jenerali Jabali akaonekana ameketi kando ya moto, pale gemu inapowarudisha wafu wake. Hakuwa na kovu hata moja, na mkoba ulikuwa umejaa.

"Zote zipo!" Waziri Gogadi akapiga kelele. "Tisini na tisa! Hakuna hata moja iliyopotea!"

Bendi ikapiga. Watu walikumbatiana. Waziri alinishika gumba, akaliinua juu mbele ya kamera, nami nilitabasamu. Picha ipo, mnaweza kuiona ukurasa wa mbele.

Nikaomba kibali. Mtukufu akasema nilete kwa maandishi. Nikaandika. Waziri akasema nichape. Nikachapa. Mwenye mhuri alikuwa kwenye karamu. Saa tisa nilipata karatasi iliyoruhusu chupa moja, kitakachobaki kirudishwe, na nikakimbia nayo mpaka Mtaa wa Kinu nikiwa nimevaa medali, maana sikukumbuka kuivua.

Nesi Sikudhani alikuwa anakunja shuka.

"Saa saba," akasema.

Nilimwonyesha kibali. Sijui kwa nini nilimwonyesha. Hakukisoma. Alikuja akanifungua kifungo cha shati mwenyewe, akauvuta ule ufunguo kwa kamba yake, akafungua kabati, akachukua chupa akamtundikia bibi mmoja wa kitanda cha pili. Halafu nyingine, kitanda cha tatu. Askari aliitazama dari. Ufunguo sikuudai tena, na hilo ndilo jambo pekee jema nililofanya siku ile, kama kutodai kunahesabika kuwa kufanya.

Msibani Waziri Gogadi alikuja na magari manne. Mtukufu alituma rambirambi: chupa moja ya dripu ndani ya sanduku la kioo, imefungwa utepe mweusi, iwekwe sebuleni. Tuliiweka. Majirani wakaitana jikoni, kikombe gani atanywea mkubwa huyu, na mmoja akakumbuka, akafungua kabati la Kibibi. Chai ikaja kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Waziri alipokiinua nikaona chini yake karatasi ya dukani bado imebandikwa. Alikunywa nusu, akasema chai ni nzuri, akaondoka. Basi nilikuwa nimemleta bosi wangu.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini kama kawaida, na sikuwa na mpango wowote. Hilo naomba Kamati ilizingatie. Mtukufu alikuwa anakunywa uji. Jenerali Jabali alikuwa ameketi pale pale kando ya moto, mstari wake wa damu umejaa mpaka mwisho. Nilikaa kigodani, nikaweka gumba langu mahali pake, nikabonyeza.

Jenerali alichomoa chupa, akanywa. Nikabonyeza tena. Akanywa tena. Hakuwa na jeraha la kuponya, dawa ilimpita bure, na mimi niliendelea. Nilikuwa nalia, lakini gumba lilikuwa tulivu kama lilivyosifiwa.

Ilipofika kama ya arobaini Mtukufu akageuka.

"Mandari, unafanya nini? Mbona hajaumia huyo!"

"Najua, Mtukufu."

"Acha! Acha, nasema!"

Bakuli la uji likaanguka. Waziri akaitwa, walinzi wakaitwa, lakini kanuni nyingine iliandikwa ubaoni kwamba hakuna atakayekigusa kidole cha Mlinzi wa Kitufe bila saini ya watu watatu, na wa tatu alikuwa hajafika. Nilimaliza ya tisini na tisa. Nikabonyeza tena, na gemu ikalia "tii".

Mtukufu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akiogopa namna ile.

"Zilikuwa za Mgeni," akasema. "Akija sasa, tutampa nini?"

"Alikuja, Mtukufu," nikamjibu. "Jumapili ile jioni, kwa toroli. Ameshaondoka."